Ehrenberg, mzee aliyesoma mawe kwa mikroskopi

Kila mtu wa mine anajua hili: jiwe haliongei lenyewe. Ni lazima mtu alipige, aliangalie, aandike alichokiona, na abandike etiketi juu ya eshantiyo mbele ya kuipeleka labo. Etiketi ikipotea, jiwe linarudi kuwa jiwe tu, na kazi ya siku nzima imekufa.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyefanya kazi hiyo karibu miaka 60. Sururu hakushika. Alishika nyundo ndogo, kalamu na mikroskopi. Jina lake ni Christian Gottfried Ehrenberg, Mjerumani. Yeye njo wa kwanza kuona, ndani ya jiwe gumu la gumegume, maganda ya viumbe vidogo vya bahari ambavyo leo wataalamu wanaviita dinoflajelata. Kuna mambo mengi aliyoyafikiri vibaya, na tutayasema bila kuficha. Lakini alichokichora kilikuwa kweli, na njo sababu jina lake halijafa mpaka leo.

Mtoto wa Delitzsch

Ehrenberg alizaliwa tarehe 19 Aprili 1795 katika mji mdogo wa Delitzsch, karibu na Leipzig. Baba yake alikuwa mtu wa sheria katika mji ule, na mama yake alikufa wakati mtoto angali shuleni. Baba alitaka kijana asome mambo ya dini. Kijana alianza kweli, ku Leipzig, lakini moyo wake haukuwa hapo. Akahamia udaktari, kisha akaenda Berlin kumaliza masomo.

Mwaka 1818 alipata udaktari wake kwa kazi juu ya uyoga. Wakati ule watu wengi, hata wenye masomo, walisema uyoga na ukungu vinazaliwa vyenyewe kutoka uchafu na uozo. Ehrenberg aliangalia kwa mikroskopi akaona vinatoka katika mbegu ndogo sana, kama vile mhindi unavyotoka katika punje yake. Tangu hapo alishika njia moja: asikubali neno la mtu yeyote kama hajaangalia kwa macho yake.

Miaka mitano ya jua na homa

Mwaka 1820, akiwa na miaka 25, alitumwa safari pamoja na rafiki yake Wilhelm Hemprich, daktari kijana kama yeye. Walipita Misri, wakapanda mto Nile mpaka Dongola katika Sudani, wakaenda Sinai, Lebanoni, pwani za Arabia na Bahari Nyekundu. Walikusanya kila kitu: ndege, samaki, wadudu, majani, matumbawe, mawe. Walituma Berlin vipande zaidi ya elfu 30 vya wanyama na zaidi ya elfu 40 vya mimea, vikiwa vimekaushwa na kufungwa mu masanduku.

Bei ya kazi ile ilikuwa kubwa. Homa iliwapiga wenzao mmoja kwa mmoja. Mwaka 1825, katika bandari ya Massawa, iliyo katika nchi ya Eritrea ya leo, Hemprich naye alikufa. Hata miaka 30 hakufikisha. Ehrenberg alimzika ndugu yake wa safari, akafunga masanduku ya mwisho, akarudi Ulaya karibu peke yake.

Kitabu kikubwa cha safari ile kilianza kutoka, lakini hakikumalizika hata siku moja. Majina ya viumbe walivyovikuta, Ehrenberg aliyaandika kwa majina yao wawili, Hemprich na Ehrenberg, hata miaka mingi kisha mwenzake kufa. Mpaka leo ndege na samaki wengi wa Bahari Nyekundu wanabeba majina hayo mawili pamoja.

Mu mashimo ya dhahabu ya Ural

Mwaka 1827 Ehrenberg akawa profesa katika Université ya Berlin. Miaka miwili kisha, mzee Alexander von Humboldt alimwita kwa safari nyingine. Humboldt huyu sisi watu wa mine tumpe heshima ya pekee: mbele ya kuwa msafiri maarufu, katika ujana wake alikuwa mkaguzi wa machimbo ya serikali ya Prusia, na alishuka mu galeri mara nyingi.

Mwaka 1829 mfalme wa Urusi alitaka Humboldt aangalie utajiri wa milima ya Ural. Walikwenda watu watatu wa elimu: Humboldt mwenyewe, Gustav Rose aliyejua mawe, na Ehrenberg aliyejua mimea na wanyama. Kwa farasi na magari ya kukokotwa walikata zaidi ya kilometa elfu 15, mpaka mpaka wa China. Waliona machimbo ya dhahabu na ya platini, waliona mchanga ukioshwa kwa maji kama unavyooshwa fasi mingi duniani hadi leo. Wakati wengine wanaangalia kinachong'aa chini ya sahani, Ehrenberg alichota maji ya visima na ya maziwa, akaangalia ndani yake kuna nini.

Matumbo yasiyokuwako

Aliporudi Berlin alijifungia na mikroskopi. Alichukua maji ya mabwawa, ya mito, ya bahari, na kila kiumbe alichokiona alikichora na kukipa jina. Jina bakteria, ambalo leo kila mama anayepeleka mtoto ku dispanseri analisikia, lilitoka kwake. Pia njo yeye aliyetoa jina Peridinium, karibu mwaka 1830, kwa viumbe fulani vidogo vinavyoogelea huku vinazunguka. Jina hilo mlishike, tutalirudilia.

Mwaka 1838 alitoa kitabu kikubwa sana chenye picha za rangi juu ya viumbe hivi. Na ndani ya kitabu hicho kulikuwa na kosa lake kubwa. Ehrenberg alikuwa amevilisha vile viumbe rangi nyekundu na ya buluu, akaona madoa ya rangi yanajikusanya ndani ya miili yao. Akasema kila doa ni tumbo. Kwa maoni yake, kiumbe kidogo kuliko chembe ya vumbi kilikuwa na matumbo mengi na viungo vingine kama mnyama mkubwa.

Mfaransa mmoja, Félix Dujardin, aliangalia yaleyale na hakuona matumbo. Aliona ute tu, na matone ya chakula yanayotembea ndani yake. Dujardin njo alikuwa na haki. Lakini Ehrenberg hakukubali, aliendelea kulinda matumbo yake mpaka uzee, hata wanafunzi wapya walipoanza kumwacha. Tunalisema hili kwa huzuni, kwa sababu ni ugonjwa wa watu wengi wenye akili: aliyefundisha wengine kuangalia kwanza, safari hii alikataa kuangalia tena.

Jiwe lililo na watu wake

Mwaka 1836 jambo jipya lilimfikia. Mwenye kiwanda kimoja cha sahani katika nchi ya Bohemia alimtumia unga mweupe wa udongo kutoka Franzensbad. Ehrenberg akauweka chini ya mikroskopi. Ule haukuwa unga wa kawaida. Ulikuwa maganda matupu ya viumbe vya maji, maganda ya kioo, moja juu ya lingine. Kisha akaangalia jiwe la kusugulia vyuma linalotoka Bilin, hukohuko Bohemia. Na hilo nalo lote ni maganda. Alipiga hesabu kwamba katika kipande chenye upana wa kidole gumba kila upande kunaweza kuingia maganda milioni elfu 41.

Watu walishangaa. Walizoea kufikiri kwamba mifupa ya mawe ni ya wanyama wakubwa, tembo wa zamani na mijusi ya kutisha. Sasa mtu anawaambia kilima kizima kimejengwa na viumbe visivyoonekana kwa macho.

Udongo wa namna hiyo unahusu kazi yetu kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1867 Alfred Nobel aliandikisha dinamiti yake. Mafuta ya nitrogliserini yalikuwa yanalipuka ovyo na kuua watu. Nobel aliyanywesha ndani ya udongo huo mweupe, ambao maganda yake yana matundu mengi kama sifongo, na hapo mafuta yakatulia, yakaweza kubebwa na kuingizwa mu tundu la jiwe. Dinamiti za siku hizi hazitengenezwi tena namna ile. Lakini zile za kwanza zilizopasua mawe ya mine zilikuwa zimejaa maganda ambayo Ehrenberg alikuwa amekwisha kuyaeleza miaka 30 mbele.

Gumegume la kwao

Sasa tufike ku kazi ambayo njo shabaha yetu leo. Gumegume ni jiwe gumu, la rangi ya moshi au nyeusi, linalotoa cheche likipigwa na chuma. Wazee waliliweka ku bunduki za zamani. Ukilipiga vizuri linatoa vipande vyembamba kama kioo, na mwanga unapita. Ehrenberg alichukua gumegume, mengine yalitoka kwao Delitzsch, akayapasua, akachagua vipande vyembamba kabisa, akaviweka chini ya mikroskopi na taa kwa chini.

Ndani ya jiwe, kama nzi aliyenaswa mu asali, aliona maganda. Aliyaona ya namna mbili.

Namna ya kwanza lilikuwa ganda lenye pembe. Umbo lake ni hili: juu limechongoka pembe moja, chini lina pembe fupi mbili, katikati limepanuka. Ukubwa wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimeta. Katikati kuna mfereji unaolizunguka kama mkanda wa suruali. Na uso wote umegawanyika vipande vipande kwa mistari, kama mgongo wa kobe, au kama mpira wa futiboli ulioshonwa kwa ngozi nyingi.

Ehrenberg hakuchelewa kulitambua. Mkanda ule na vipande vile alikuwa amekwisha kuviona ku viumbe vinavyoishi, vile alivyoviita Peridinium. Basi, mwaka 1838 akaliita la mu jiwe Peridinium pyrophorum, maana yake mbeba moto, juu ya gumegume linalotoa cheche. Hapa alipiga pale pale. Jina limebadilishwa kidogo, leo linaandikwa Palaeoperidinium pyrophorum, lakini jamaa aliyoiweka njo jamaa yake ya kweli.

Namna ya pili lilikuwa ganda la miiba. Mwili wake ni mviringo kama yai, na kutoka mwilini inatoka miiba mirefu. Mmoja wao alimwita Xanthidium ramosum, maana yake mwenye matawi, kwa sababu mwiba hauishii kwa ncha moja. Ukifika mwisho unagawanyika matawi matatu, na kila tawi linagawanyika tena mara mbili, kama mti mdogo usio na majani. Alichora kila mwiba mahali pake. Lakini safari hii jina lilikuwa kosa. Xanthidium ni majani madogo ya maji matamu, ya mabwawa na mito, na yeye alifikiri hawa wa mu jiwe ni ndugu zao juu ya kufanana kwa miiba.

Hivi mtu mmoja, mbele ya jiwe lilelile, alipata moja na kukosa lingine. Sababu iko wazi. Ku lile la kwanza aliangalia namna ganda linavyojengwa: mkanda, vipande, mistari. Ku lile la pili alivutwa na miiba.

Mlango uliokosa kuonekana miaka 120

Uingereza, daktari Gideon Mantell, yule wa mifupa ya mijusi mikubwa, hakukubali kwamba hawa ni majani ya mito. Mwaka 1850 aliwapa jina lao, Spiniferites, wabeba miiba. Lakini ni nani hasa, hakuna aliyejua. Katika karne ya 20 waliwaweka mu fungu la peke yao, wakawaita kwa jina la nungunungu kwa Kigiriki, kwa maana ya mipira yenye miiba kama nungunungu. Fungu hilo lilikuwa kama depo ya vitu visivyo na mwenyewe.

Mwaka 1961 Mmarekani William Evitt alifungua fundo. Hakuangalia miiba tu, aliangalia mahali inaposimama. Ku lile la matawi, uso wa ganda una matuta madogo yanayolikata vipande, na mwiba unasimama pembeni, pale vipande vitatu vinapokutana. Vipande vile vimepangwa sawasawa na vile vya dinoflajelata wanaoishi, na mkanda uko palepale katikati. Tena kuna tundu. Si tundu la kuvunjika ovyo, ni tundu lenye kingo safi, ukubwa wa kipande kimoja kamili, siku zote fasi ileile, upande wa mgongo, juu ya mkanda. Huo ni mlango.

Mlango unaeleza kila kitu. Dinoflajelata wengine, maisha yakiwa magumu, wanajifungia ndani ya ganda la nguvu na kulala chini mu matope ya bahari, kama mbegu inayongoja mvua. Ganda hilo wataalamu wanaliita sisti. Wakati mzuri ukirudi, kiumbe anasukuma mlango, anatoka, anaacha nyumba tupu. Katika miaka hiyo ya 1960 watu walichukua sisti za miiba kutoka matope ya bahari ya leo, wakaziweka ndani ya maji mu labo, na dinoflajelata wazima wakatoka.

Ukuta wa sisti ni wa nguvu ajabu. Asidi inayoyeyusha jiwe zima inauacha. Kwa hiyo watu wa petroli wanayeyusha unga wa jiwe unaopanda kutoka sondaji, na sisti zinabaki. Katika Bahari ya Kaskazini ya Ulaya, wakikuta mbeba moto wa Ehrenberg kwa wingi, wanajua wamefika mawe ya karibu miaka milioni 60. Ni ganda lenye pembe tatu linalowaambia tarehe.

Msipoteze nguvu kulitafuta mu mawe ya shaba yetu ya Katanga. Mawe yetu ni ya zamani zaidi, yalikuwako mamia ya mamilioni ya miaka mbele ya sisti za namna hii. Lakini katika nchi yetu hiihii, ku pwani ya Muanda kwenye petroli, mawe ni ya umri unaofaa.

Macho yanachoka

Ehrenberg aliendelea kufanya kazi mpaka mwisho. Mabaharia walimtumia matope ya chini ya bahari. Charles Darwin alimtumia vumbi lililoangukia meli yake karibu na visiwa vya Cap-Vert. Mwaka 1854 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya mawe na udongo yaliyojengwa na viumbe vidogo, chenye picha za mchanga na udongo wa kila upande wa dunia. Darwin alipoleta mafundisho yake juu ya namna viumbe vinavyobadilika, Ehrenberg hakuyakubali. Vijana walimwona mzee wa zamani.

Uzeeni macho yalichoka, na binti yake Clara njo alimsaidia kupanga na kuandika. Mwaka 1875 Waholanzi walimpa medali ya Leeuwenhoek, na alikuwa mtu wa kwanza kuipata. Tarehe 27 Juni 1876 alikufa Berlin, akiwa na miaka 81.

Aliacha vipande elfu 40 vya kuangalia kwa mikroskopi, maelfu ya eshantiyo za udongo, mawe na matope, na michoro karibu elfu 3. Vyote vilihifadhiwa pamoja na karatasi zinazosema kilitoka wapi. Vipo mpaka leo katika Musée ya Berlin, na watu wa elimu bado wanakwenda kuvifungua.

Hapa, wapenzi wasomaji, njo tunapoona uzito wa mtu huyu. Matumbo yake yalikufa. Xanthidium ya gumegume nayo ilikufa. Kama angeacha maneno yake tu, tungesema alikosea, basi. Lakini aliacha jiwe lenyewe, mchoro wa kila mwiba mahali pake, na jina la fasi lilipotoka. Waliokuja kisha yeye waliweza kumsahihisha kwa kutumia kazi yake mwenyewe.

Kijana wetu anayeandika leo karatasi ya karoti ya sondaji, mu jua, mikono na vumbi, anaweza kufikiri ni kazi ya bure. Aandike tu vizuri: metre ngapi, rangi gani, mistari inalala namna gani. Maana ya jiwe wengine wanaweza kuibadilisha kesho. Alichokiona yeye, kama amekiandika sawasawa, hakuna wa kukibadilisha.